Mama Benchi

Siku zote alikaa mwisho wa benchi, upande wa njia ya katikati, na ulipofika wakati wa komunyo aligeuza magoti pembeni ili wengine wapite. Hakusimama wala hakusogea. Aligeuza magoti tu, akakusanya sketi yake kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akapokea mtoto wa yeyote aliyekuwa na mtoto. Akina mama wa benchi lile walikuwa wameshazoea. Wengine walimkabidhi mtoto bila hata kumtazama, kama mtu anavyotundika mwavuli kwenye msumari anaoujua. Wakirudi walimkuta mtoto amelala au anatafuna rozari, na magoti yameshageuzwa tena ili waingie.

Tabia hiyo ilimfuata mpaka nyumbani. Sebuleni, mtu akiinuka kwenda kunywa maji, tayari magoti ya Mama yamekwenda pembeni, hata kama nafasi ya kupita ingetosha ng'ombe. Nilipoolewa na mwanawe wa kwanza nilidhani anaumwa nyonga, nikamuuliza mume wangu kama ameshapelekwa kwa daktari. Alicheka.

"Mama haumwi nyonga. Mama anaumwa benchi."

Na hilo ndilo lililokuwa jina lake pale parokiani: Mama Benchi. Alilijua na hakulikasirikia.

Sababu ya kubaki pale haikuwa siri kwa mtu. Alikuwa anaishi na mwanamume ambaye hawakufunga naye ndoa kanisani, na kwa taratibu za Kanisa mtu wa namna hiyo anasali na wenzake, anaimba na wenzake, anatoa sadaka na wenzake, ila komunyo hapokei. Aliwahi kuipokea tangu utoto mpaka usichana, kabla hajabeba mimba aliyozaliwa mume wangu na kuhamia kwa huyo mwanamume. Katika muda wote niliomfahamu alitaka kitu kimoja tu kwa ajili yake mwenyewe, nacho ni kuipokea tena, mumewe akiwa kando yake.

"Haina ladha yoyote," aliniambia siku moja tukichambua mchele. "Lakini naikumbuka."

Alikuwa dobi wa hospitali. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya jiko la wagonjwa, chenye mashine mbili, moja ikiwa mbovu kila wakati, na meza ndefu ya kukunjia iliyokatika kona. Kwa kila shuka alisema Salamu Maria moja, midomo ikicheza bila sauti, pembe kwa pembe, ukingo kwa ukingo. Wenzake walimtania kwamba wodi ya wazazi ndiyo inayoombewa kuliko zote kwa kuwa ndiyo inayochafua kuliko zote. Jumamosi alichukua vitambaa vya altare akavifulia nyumbani, na maji ya kwanza hakuyamwaga mferejini. Aliyamwaga kwenye udongo mbele ya dirisha la jikoni, kwa heshima, endapo kuna chembe ya hostia iliyobaki. Hapo mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke mwenye ulimi usio na mfuniko, aliwahi kumwambia mbele ya watu:

"Haya mambo yako, mama, mimi siyaelewi. Mikono inafua vya altareni, mdomo unabaki benchini."

"Mikono haijafanya kosa," Mama alimjibu, akaendelea kupanga vitambaa kwenye kikapu.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea. Mtaani walimwita Mwakani, kwa sababu ukimuuliza habari za ndoa, jibu lake lilikuwa hilohilo. Hakuwa mlevi wala mtu wa wanawake wa nje. Alileta nyumbani alichopata, aliwaosha watoto mwenyewe mama yao alipokuwa zamu, na mageti na nondo za madirisha ya kanisa lile ni kazi ya mikono yake, yote kaifanya akiwa upande wa nje. Walikuwa na ugomvi mmoja tu, nao ulikuwa wa zamani kiasi kwamba watoto waliujua kwa moyo.

"Mwakani gani?" Mama alikuwa akisema. "Huu tulio nao ndio ule mwakani wa mwaka jana."

"Kufunga ndoa sijakataa. Nilichokataa ni kile kisanduku cha kuungamia. Nikapige magoti nimsimulie mambo yangu kijana niliyemchomelea baiskeli?"

"Humsimulii yeye, unamsimulia Mungu."

"Mungu anayajua tayari. Asiyejua ni yule kijana, na mimi sitaki ajue."

"Basi hutaingia kanisani maisha yako yote."

"Nitaingia. Siku ya kubebwa."

Kitubio kabla ya ndoa ndicho kilichomshinda, na hakuwahi kusema ana nini moyoni cha kumtisha hivyo. Mume wangu anaamini hakikuwa kitu. Anasema baba yake alikuwa mtu wa kuona aibu kuvua shati mbele ya daktari.

Jioni familia ilisali rozari sebuleni, naye Mwakani alikaa kizingitini, mgongo ndani, uso nje, akisugua kitasa au bawaba kwa tupa. Lakini aliitikia. Akinyamaza, Mama alikatiza sala katikati: "Sauti ya mlangoni haisikiki!" Na kutoka gizani ikaja, nzito, yenye vumbi la chuma: "Utuombee." Watoto waliangua kicheko cha chinichini. Asubuhi, kila aliyetoka nyumba ile alipigwa alama ya msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba cha Mama, na yeye Mwakani pia, aliyeinamisha kichwa kwa sababu alikuwa mrefu, kisha akavaa kofia yake juu ya ule msalaba.

Padri mmoja aliyepita parokiani, mwenye vitabu vingi na nia njema, alimshauri Mama kwamba kama wangekubali kuishi kama kaka na dada, kila mtu chumba chake, angeweza kumruhusu apokee. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Padri, tuna vyumba viwili na watoto wanne," alimwambia. "Huyo kaka nitamlaza wapi, juu ya kabati?"

Jambo la Mama kutopokea liligusika kweli mara moja tu, siku ya kuamkia komunyo ya kwanza ya wifi yangu, kitinda mimba. Ananisimulia mwenyewe mpaka leo. Alikuwa amesimama juu ya kiti amevaa gauni jeupe, Mama anashona upindo, meno yakiwa yameshika uzi.

"Mama, kesho na wewe utapokea?"

"Kesho zamu yako."

"Zamu yako lini?"

Mama alikata uzi, akaanza kutafuta sindano ambayo ilikuwa vidoleni mwake. Kule kizingitini tupa ilinyamaza, na jioni ile haikusikika tena.

Jumamosi iliyofuata Mwakani alioga mchana, akavaa shati lake la misibani na kutoka bila kuaga. Alirudi jua limezama.

"Nilikwenda kule," alisema. "Watu walikuwa wengi."

"Pole na foleni," Mama alimjibu, akampakulia chakula.

Kesho yake katekista, mtu asiyeweza kutunza neno, alimvuta Mama pembeni baada ya misa akamweleza. Watu hawakuwa wengi. Mumewe alikuwa wa kwanza kufika, akakaa karibu kabisa na kisanduku, na kila aliyekuja nyuma yake alimwambia, "Pita wewe, mimi sina haraka." Aliwapisha wote, wazee kwa wanafunzi, mpaka padri akazima taa akaondoka. Mama alimshukuru katekista. Nyumbani hakusema neno, na Mwakani hakujaribu tena.

Alikufa kazini, ghafla, miwani ya kuchomelea ikiwa juu ya paji la uso. Walimkuta amekaa ameegemea geti ambalo hakuwahi kulimaliza. Padri hakupatikana kwa wakati, lakini alikubali kumzika kwa misa, kwa hiyo Mwakani aliingia kanisani kama alivyosema. Geti la uwanja wa kanisa lilikuwa jembamba, ikabidi wabebaji walikunjue bawa la pili ambalo lilikuwa limeshika kutu. Watu walisubiri kwenye jua wakati kijana mmoja analigonga kwa jiwe.

"Nilimwambia ni jembamba," Mama alisema, si kwa sauti kubwa, na waliokuwa karibu hawakujua kama wacheke.

Baada ya matanga padri alikuja kumwona. Sasa hakuna kizuizi, alimweleza kwa upole. Aje Jumamosi aungame, Jumapili apokee. Mama alisema asante. Padri alipoondoka, Mama alitoa mablanketi yote ya nyumba ile nje akayafua, na mengine yalikuwa safi.

Jumapili ile nilikaa benchi lake. Kanisa zima lilikuwa linamtazama kwa kisogo. Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa ameshageuka mara mbili. Wakati ulipofika, Mama aligeuza magoti, akakusanya sketi, akanyoosha mkono apewe mtoto.

Ikawa hivyo Jumapili iliyofuata, na iliyofuata, mpaka mvua zikaja zikaisha. Mume wangu alishindwa kuvumilia.

"Mama, si ndicho ulichokililia maisha yako yote? Kimeshakuja, mbona unakikimbia?"

"Kimekuja kwa mlango gani?"

"Mlango wowote! Ruhusa ni ruhusa."

"Nikipanda leo, nitakuwa nimepandia juu ya kaburi la baba yako. Itaonekana nilikuwa namsubiri afe."

"Nani ataona? Yule mwenyekiti? Achana naye."

"Mimi nitaona." Alikuwa anakunja nguo za watoto wetu, akaziweka chini. "Halafu kuna kuungama. Padri ataniuliza, unajuta? Nijute nini, mwanangu? Kumpikia? Kuwazaa ninyi? Nikisema najuta nimemkana baba yenu. Nikisema sijuti, sijaungama. Sasa nifanyeje?"

Mume wangu, ambaye kwa kazi yake ni mwalimu na hakosi la kusema, aliziokota zile nguo akaendelea kuzikunja.

Mimi sikuwa na ushauri wa kumpa Mama, wala hakuuomba. Nilimwona tu akiendelea na shughuli zake, mashuka, vitambaa vya Jumamosi, msalaba wa asubuhi kwenye mapaji ya wajukuu, na kila jioni kwenye rozari, baada ya kila "Maria Mtakatifu," kimya kidogo, mahali ambapo sauti ya mlangoni ilizoea kuingia.

Alikwenda kuungama siku ambayo hakuna aliyemtarajia, Jumamosi ya kawaida, amekwenda kurudisha vitambaa na kikapu bado kiko mkononi. Yaliyosemwa mle ni yake na padri, lakini sehemu moja alinisimulia mwenyewe, kwa kuwa alisema ni haki yake kuisimulia. Alianza na hasira. Alimwambia padri kwamba ameishi na hasira tangu ile Jumamosi mumewe alipowapisha watu wote, na kwamba alimpakulia chakula huku akimchukia. Padri alisikiliza, kisha akauliza kuhusu kule kuishi pamoja bila ndoa.

"Nikamwambia, Padri, najuta kwamba hatukufunga ndoa. Najuta sana, kila siku. Yeye mwenyewe simjutii."

"Akasemaje?"

"Alinyamaza, nikadhani amelala. Halafu akasema, 'Inatosha, mama.' Akanipa maondoleo."

Kesho yake kanisa lilikuwa nusu, kulikuwa na mvua. Aligeuza magoti, watu wa benchi wakapita. Mama mmoja kijana alimwachia mtoto mchanga akaenda, akarudi, akanyoosha mikono amchukue, na Mama akatikisa kichwa. Alisimama na yule mtoto begani, akaingia mwisho kabisa wa foleni, nyuma ya wazee wa fimbo. Mikono yake ilikuwa imejaa, kwa hiyo padri alimwekea hostia ulimini. Hakuna aliyepiga kigelegele. Aliporudi alimpa mwenye mtoto mtoto wake, akapiga magoti, akafunika uso. Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa analia, jambo ambalo Mama hakuliona, na mimi sikumwambia.

Tangu hapo alipokea kila Jumapili, lakini kiti hakubadilisha wala magoti hakuyaacha. Aliwapisha wote kwanza, ndipo akainuka.

Ugonjwa wake haukuwa mrefu. Alilazwa katika hospitali ileile aliyoifulia, wodi ya wanawake, kitanda kinachotazama mlango, na kupitia mlangoni lilionekana dirisha la dawa na watu wamejipanga. Alishika ukingo wa shuka lake, akaukagua, akasema limekunjwa na mtu aliyekuwa anaangalia saa. Wifi yangu alimsomea rozari, naye aliitikia kwa macho. Mume wangu alimpiga msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba, akajifanya anamfuta jasho.

Alasiri muuguzi alinipa kikaratasi nikachukue dawa. Alifariki nikiwa bado sijafika dirishani. Nilipopewa kile kikaratasi nilikuwa nimekaa kwenye kiti upande wa pili wa kitanda, na njia ya kutoka ilikuwa wazi kabisa. Lakini niliposimama, magoti yake yalisogea chini ya shuka, taratibu, yakaenda upande wa ukutani. Alitazama kule mlangoni.

"Pita, mwanangu," alisema. "Foleni inasonga."