Mtakatifu Amansi na Ukanda wa Ngozi ya Mbuzi

Siku ya kumi na tano ya Februari, mwaka 190, siku ya mbio za ngozi ya mbuzi, ndipo mambo yalipomharibikia Padre Amansi mjini Roma, kwa sababu bibi harusi alificha mkono.

Alizaliwa ng'ambo ya mto Tiberi, mtoto wa mshona viatu, akawa askari. Wakubwa, ambao wenyewe walilala na wake zao, walikuwa wamekataza askari kuoa. Amansi akaishi na Turia wake vivyo hivyo. Homa ilipomuua Turia, akaomba ruhusa akazike. Afisa wake akacheka: "Askari hana mke. Sasa unakwenda kumzika nani?" Alipofunguliwa lango la kambi, maiti ilikwisha kuchukuliwa na wazoa maiti wa mji. Kwa uchungu huo Mungu alimwita. Aliweka upanga chini, akabatizwa, akapewa upadre, akaanza kuwafungisha askari ndoa kwa siri.

Aliichagua siku ya mbio, maana vijana walikimbia uchi wakichapa wanawake kwa kanda za ngozi mbichi, nao wanawake walinyoosha mikono wachapwe, wapate kuzaa. Nani angemtazama padre? Mwaka ule askari Kreskensi alikuwa anapelekwa vitani kesho yake, na Vibia alitaka kubaki mke, si kimada. Padre aliokota ukanda ulioanguka njiani, akawafunga nao mikono ya kuume. "Wenzetu wanachapia," akasema, "sisi tunafungia." Vibia akatoka nao umefungwa kwenye kifundo cha mkono. Wakimbiaji walipomfikia, akaficha mkono nyuma, jambo ambalo mwanamke wa Roma hakulifanya siku ile. Walinzi wakamshika, wakauona ukanda, wakamwuliza nani kamfungisha ndoa na askari. Padre akajitokeza, akasema kosa ni lake, wakamwachia bibi harusi.

Hakimu alimdhihaki: "Mzee mzima, mke huna, ndoa za watu zinakuwashia nini?"

"Mke ninaye, bwana mkubwa. Ametangulia tu."

Walimkata kichwa mwaka uliofuata, tarehe kumi na nne, mkesha wa mbio, damu yake isije ikawachafulia sherehe. Waamini husimulia kwamba ukanda ule haukuoza, Vibia akazikwa nao akiwa bibi kizee. Haikupita miaka mingi, wakubwa wakaruhusu askari waoe, na radhi hawakuomba. Leo siku hiyo ni ya waridi na wapendanao. Basi tumwige: tusingoje ruhusa ya mkubwa ndipo tuwe waaminifu kwa tuliowapenda. Yeye ana kaburi, na kila Februari wenye vyeo hulipigia magoti mbele ya watu. Na Turia, walimtupa wapi?