Sauti ya Bi Tetea Ilitoka Sebuleni Kwetu

Ukiitazama ile filamu ya makala inayoeleza jinsi katuni ya Bi Tetea ilivyotengenezwa, mimi utaniona kiwiko tu, kikipita nyuma ya kochi. Sikasiriki. Wachoraji wamepewa muda wao wa kujisifu, na mwenye kampuni amevaa suti na kusema kwamba ndoto yake ilianza utotoni, jambo ambalo siwezi kulithibitisha. Ninalolijua ni la wifi yangu, mke wa kaka, na hilo naweza kulisimulia mwenyewe.

Wifi alikuwa mpokea wageni wa kampuni hiyo ilipokuwa bado vyumba viwili juu ya duka la rangi. Alipokea simu na kuwafungulia watu mlango. Siku moja mwigizaji aliyepangiwa kumsemea kuku wa katuni, Bi Tetea mwenyewe, hakutokea, na wachoraji walihitaji sauti yoyote ya kushikilia nafasi, ili wajue mdomo wa kuku ufunguke lini na ufungike lini. Wakamwita wifi kwenye chumba cha kurekodia, ambacho kilikuwa stoo iliyobandikwa magodoro ukutani. Wakamwambia kuku huyu ni mkali lakini anawapenda vifaranga wake. Wifi hakufikiri mara mbili. Akamwiga mama mkwe wake mzima mzima.

Mama yetu alikuwa na mdomo. Simsemi vibaya, mwenyewe alijisifia. Akikugombeza alianza chini, kama mtu anayeongea na nafsi yake, kisha sauti ikapanda ngazi moja moja mpaka majirani wakapunguza redio wasikie vizuri. Wifi aliishi naye nyumba moja, akapewa vidonge vyake kila asubuhi, na badala ya kununa akajifunza. Tukiwa wawili jikoni alinivunja mbavu kwa kumwiga. Wachoraji nao walicheka mpaka wakasahau kumtafuta mwigizaji mwingine.

Katuni ikavuma. Kuku akapanda kwenye mabegi ya shule na chupa za maji, na watoto mtaani wakawa wanagombezana kwa sauti ya mama yangu bila kujua. Nyumbani tukakubaliana kufunga midomo, maana Mama alimpenda Bi Tetea kuliko taarifa ya habari. Alisogeza kiti karibu na televisheni, akatuambia kuku yule ni jirani yetu wa mkono wa kushoto, hana tofauti, na kwamba kuishi na mtu mwenye mdomo namna ile ni mtihani. Kaka alitoka nje kwa kisingizio cha kuangalia geti.

Waandishi wa magazeti walipomuuliza wifi sauti kaitoa wapi, alisema imemjia tu. Aliogopa. Kumwigiza mkwe jikoni ni utani, lakini kumwigiza mbele ya nchi nzima ni jambo jingine.

Kisha Mama akapata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikalegea, na maneno yakakataa kutoka. Alielewa kila kitu, alicheka, alikasirika, ila kinywani ulimtoka mlio mmoja tu. Nyumba ikawa kimya, na mimi niliyezoea kulalamikia kelele zake nikawa natamani kugombezwa.

Wifi akashindwa kazi. Kampuni ilishahamia jengo kubwa, chumba cha kurekodia kina kiyoyozi, lakini kila akifungua mdomo machozi yanatangulia.

"Wifi, nitaitumiaje sauti yake wakati mwenyewe hana?" aliniuliza.

Akaomba likizo, na kampuni ikaanza kujaribu sauti za watu wengine. Alishaamua kuacha kabisa, alikuwa amebakiza kumwambia bosi tu.

Hapo ndipo watu wa makala walipokuja kumpiga picha nyumbani. Mwongozaji wao, dada mmoja mpole mwenye viatu vya michezo, alitaka kuonyesha sauti maarufu inaishi wapi. Wakasogeza makochi, wakashusha mapazia, wakatunyima njia kwenye sebule yetu wenyewe. Mama tukamkalisha kwenye kiti chake na gauni lake la bluu. Nikaleta chai. Mwongozaji akauliza lile lile la magazeti.

Wifi aliviringisha pindo la nguo yake. Kisha akaiacha kamera, akamgeukia Mama.

"Sauti ni yako, Mama," alisema. "Tangu siku ya kwanza. Nilikuiga, nikakuficha. Naomba unisamehe. Nimeamua kuiacha."

Nilitamani ardhi inimeze, na kosa wala halikuwa langu. Mama alimkazia macho mkwewe. Akaitazama televisheni iliyozimwa, akamrudia tena. Hasira ilimpanda, niliiona, mimi ni mwanawe. Akainua mkono wa kushoto na kunyoosha kidole mezani. Kaka akadhani anataka chai, akamsogezea kikombe, Mama akakisukuma. Alionyesha vikombe, kisha mdomo wa wifi. Vikombe tena, mdomo tena, kwa ukali.

Nilikuwa nimewapa wageni chai bila visahani.

Wifi alielewa kabla yetu. Akaanza chini kabisa.

"Haya. Vikombe vitupu mbele ya wageni, na kamera ipo. Nchi nzima ijue nyumba hii haina visahani. Vile nilivyonunua vimekwenda wapi, vimeota miguu?"

Sauti ikapanda, ngazi kwa ngazi. Alikuwa ni yeye. Miezi yote ile sikuwa nimemsikia mama yangu, na sasa alikuwa anatugombeza sebuleni. Mama akaitikia kwa kichwa, akaonyesha shati la kaka lililokosa kifungo, na wifi akalisema. Akaonyesha nyaya za taa zilizotandazwa juu ya zulia lake, watu wa makala nao wakapewa vidonge vyao. Mama alikuwa anacheka kwa upande mmoja wa uso, ule unaomtii. Wifi akajua kwamba hajakatazwa kazi, ameongezewa nyingine ya nyumbani.

Kisha kidole kikanielekea mimi, niliyesimama mlangoni nikibubujikwa na machozi.

"Na wewe unalia nini?" sauti ya Mama iliniuliza. "Kuna aliyekufa hapa? Nenda kalete visahani."

Nikaenda kuvileta.