Gauni Jeupe la Siku ya Kufunga

Mnivumilie kwa mwandiko na makosa, naandika polepole. Hapa Doha napiga pasi mashuka ya hoteli, na harufu ya pamba yenye mvuke hunirudisha utotoni, Nairobi. Siku moja Mama alikuwa akipiga pasi gauni jeupe la mwajiri wake, bibi Myahudi aliyemsingizia wizi wa pete. Jioni hiyo bibi angeanza mfungo wa toba wa dini yake, hadi jioni ya kesho yake.

"Nisamehe," alimwambia Mama. "Kosa nililokufanyia wewe, Mungu hatanisamehe kabla yako."

"Kumbe Mungu ananingoja mimi?"

"Anakungoja."

"Basi angoje kidogo. Kafunge, madam. Nitakujibu ukishakula."

Bibi alilichukua gauni likiwa bado moto.

Siku ile nzima ya njaa, Mungu alimsikia? Mnaojua, niandikieni.