Yaya Anatoka Mwili

Salle yetu ya mazoezi, hapa Mususa, ni ya kisasa sana. Paa iko nusu, nusu ile nyingine ni mawingu, na vyuma vyetu ni makopo ya rangi yaliyojazwa beton ya saruji, na bomba katikati. Hapo ndipo yaya yangu, yaani kaka yangu mkubwa, alipojiandaa kwa concours ya Beni, mashindano ya misuli. Yaya husukuma viazi kwa baiskeli kutoka Musienene, kwa hiyo mikono yake ilikuwa tayari kama mizizi ya mkaratusi. Mimi, mdogo wake, nilijiteua kuwa meneja. Nilikuwa nimeshachagua kiti cha dirishani katika ndege itakayotupeleka Kinshasa.

Lakini mikono hiyo haikumtosha mkubwa wa salle, ambaye tunamwita professeur kwa sababu amesoma kila kitu kwenye simu.

"Ndugu, wewe uko mukavu," alimwambia yaya. "Unaona babibi-arusi? Banakunywaka ile vidonge ya kunenepa, siku ya ndoa robe ya arusi inakataa kufunga. Donc ile nguvu yote, wewe uitie mu mikono."

Hakuna aliyeuliza nguvu hiyo itaijuaje njia ya kwenda mikononi. Nasikia kule ng'ambo wanamichezo wanaokunywa dawa hujificha, na kuna watu wa kuwapima mkojo. Kwetu unanunua sokoni, kando ya sabuni, na muuzaji anakutakia ushindi mwema.

Basi yaya akanunua, akameza, akaanza kutoka mwili, yaani kunawiri. Mashavu kwanza, halafu shingo, halafu tumbo. Mikono yenyewe ilibaki ikingoja zamu yake. Na huku kwetu mtu akinenepa haulizwi kitu, anapongezwa.

"Mama, mutoto yako anapendeza!" majirani walimwambia mama yetu. "Sasa munakulaka vizuri."

Mama akaanza kumkalisha kwenye benchi ya mbele kanisani, ili Mungu naye aone. Mimi niliona vingine: yaya anahema akipanda kilima bila baiskeli, anakunywa maji kama ng'ombe.

"Yaya, uko navimba."

"Hapana kuvimba, meneja. Ni misuli iko natafuta fasi."

Siku ya concours tulipanda pikipiki mpaka Beni. Kwenye barrière ya njiani askari mmoja aliona yale mashavu, akanyoosha mgongo, akapiga saluti: "Patron, mbote!" Hatukumsahihisha. Kwenye ukumbi nilimpaka yaya mafuta ya mawese hadi akang'aa kama sambusa.

"Onyesha tumbo," jury wakasema.

"Njo hii."

"Misuli ya tumbo, papa."

Yaya akakaza. Uso uliiva, tumbo likabaki vilevile, watu wakacheka hadi kiti kimoja kikavunjika. Akakaa chini polepole, katikati ya jukwaa, kama mama aliyefika sokoni na mzigo. Wakapiga makofi, wakidhani ni mtindo. Mimi nilipomshika kifua, moyo ulikuwa unapiga kama mashine ya kusagia.

Tuliporudi nyumbani, infirmier wa zahanati ya kwetu Mususa, mtu wa Kasaï aliyeletwa na serikali, alimbonyeza mguu kwa kidole. Kidole kikatoka, shimo likabaki.

"Hii haiko mwili, ni maji," alisema. "Ile dawa ni ya bagonjwa ba pumu, siku kidogo tu. Ukiendelea, itakula mifupa, italeta sukari mu damu. Mais ukiacha mara moja, unaweza kuanguka na hapana kuamuka tena. Tutapunguza polepole, mimi nikikuangalia. Hapana kujiongezea hata kimoja! Umesikia?"

Yaya alitii. Wiki baada ya wiki mashavu yakarudi yalikotoka. Hapo sasa ndipo msiba ulipoanza. Majirani wakaja kumpa mama pole, wengine na maharagwe, wengine na maombi, na mmoja akanong'ona kwamba ni uchawi wa Beni. Mtu anapona, nyumba inajaa waombolezaji! Yaya, ambaye beton haikumshinda, akaanza kuvaa makoti mawili kwenye jua. Siku moja nilimkuta nyuma ya jiko anajipima mkono kwa vidole, machozi yanamtoka. Nikalia naye. Tulisema ni moshi.

Ndipo professeur alipofika na pakiti mpya, kwa moyo mwema kabisa.

"Mama, batu banacheka ndugu yetu. Akunywe tu hii, atarudia kuwa mutu."

Yaya aliitazama ile pakiti jinsi mbuzi anavyotazama chumvi. Akanyoosha mkono. Lakini mama, yeye aliyependa sifa kuliko sisi wote, aliiwahi. Akatoka nayo, akaingia chooni. Tukabaki tunasikia vidonge vinatolewa kwenye karatasi zake, kimoja kimoja, bila haraka, kama mtu anayechambua maharagwe.

"Mama!" professeur alilia. "Ile ni ya bei, ya kutoka Kasindi, ku mpaka!"

"Acha choo inenepe," mama akajibu kutoka ndani.