Mikaratusi Juu ya Chemchemi

Maximilla alirithi kipande cha bonde kutoka kwa mama mkwe wake. Kiangazi, mashamba ya mlimani yakishakauka, bonde la Rusabagi lilibaki na maji ya chemchemi, na wanawake wa kijiji wakapanda maharage mara ya pili. Hayo ndiyo yaliyolisha watoto wake wanne. Yaliyozidi yalipakiwa kwenye malori sokoni Kasulu, yakaenda kulisha watu asiowajua.

Mwaka 2008 mwenyekiti wa kijiji, Evaristi, alipanda mikaratusi yake kuizunguka chemchemi. Alisema anatunza mazingira. Miaka sita baadaye miti imelipita paa la kanisa, imefaa kuuzwa nguzo, na chemchemi imebaki tope la kukanyagwa na mbuzi. Kiangazi cha 2013 maharage ya Maximilla yalitoa maua, yakakauka nayo. Kiangazi kilichofuata hakupanda. Nyumbani wakala ugali wa muhogo kwa kisamvu, mchana na jioni, hadi binti yake mdogo, Loyce, akaanza kuvimba miguu.

Ndipo bwana shamba mgeni, Salumu, mtu wa Tanga, akaja kwenye mkutano wa kijiji na fomu ya hali ya chakula.

"Kijiji hiki kinajitosheleza kwa chakula," Evaristi alimwambia. "Andika hivyo."

Maximilla akasimama.

"Andika na miguu ya mwanangu! Ibonyeze kwanza kidole kizame, halafu ndiyo uandike tumeshiba!"

"Mama Loyce, kaa chini," Evaristi alisema.

"Nimekaa miaka sita."

Akamshika bwana shamba mkono, akamburuta hadi kwenye chemchemi. Salumu alitazama miti, akatazama tope, akasema kwa sauti ndogo kwamba sheria hairuhusu kufanya shughuli kama hiyo ndani ya mita sitini za chanzo cha maji.

"Na mkutanoni mbona hukusema?"

"Sikutumwa kwa hilo, mama."

Maximilla alitaka kumtemea mate. Badala yake akamlazimisha aandike maneno yaleyale kwenye karatasi na kutia sahihi.

Asubuhi iliyofuata wanawake kumi na mmoja walikwenda kwenye chemchemi na mashoka. Waliangusha miti tangu jua linachomoza. Saa sita mgambo wakawafikia, wakawaswaga hadi ofisi ya kata na kuwakalisha juani. Mtendaji aliwaletea karatasi ya kuomba radhi. Maximilla aliisukuma, akaweka mezani ile ya Salumu.

"Tufunge," alisema. "Lakini hakimu ataisoma hii kwanza."

Mtendaji aliisoma mara mbili, akawaambia waende zao. Evaristi hakuulizwa neno. Nguzo zilizoangushwa alizikusanya, akaziuza.

Loyce alipona kwa maharage ya kuomba kwa dada yake Maximilla, kule Buhigwe. Kiangazi cha 2015 maji yalirudi, ya kutosha nusu ya bonde tu. Visiki vilikuwa vinachipua, na kila Jumamosi Maximilla alikwenda na panga kuvikata. Siku moja Evaristi alimkuta huko, akamsalimu kwa Kiha, kwa uchangamfu, "Mwakeye, Mama Loyce!"

Maximilla alikata chipukizi lililokuwa mbele yake, akasogea kwenye kisiki kingine.