Mgeni wa Gavana

Enzi za Mwingereza nilikuwa mpiga pasi katika nyumba ya Gavana hapa Nakuru. Makao yake makuu yalikuwa Nairobi. Hii ilikuwa ya kupumzikia, aje akitaka. Serikali ilikuwa imeiweka kisheria: nyumba ni ya cheo, si ya mtu. Gavana mmoja akiondoka, anayemfuata anakuta vitanda vimetandikwa. Kwa hiyo karibu mwaka mzima tulipiga pasi mashuka yasiyolaliwa na mtu.

Msimamizi wetu, mzee mmoja aliyewahi kuwa askari, aliishika sheria hiyo kama Biblia. "Hapa halali mtu ila Gavana na wageni wake," alitukumbusha hata pale ambapo hakuna aliyeuliza.

Mchana mmoja, Gavana na mkewe wakitarajiwa kesho yake, mvua ilishuka kwa nguvu. Nikiwa na pasi mkononi, uchungu ukanishika. Ilikuwa mimba yangu ya kwanza, na nilidhani bado nina wiki tatu. Barabara ya hospitali ilikuwa imejaa maji. Mama aliyefanya kazi bustanini, ambaye alizalisha wengi kwenye kambi za wapasua mbao kule Elburgon, alinitazama mara moja tu.

"Huyu haendi popote. Nipeni kitanda."

"Kitanda kipi?" msimamizi akauliza. "Vyote ni vya Gavana!"

"Basi mtoto ni mgeni wake."

Mzee akaenda mwenyewe kufungua chumba cha wageni. Nilimsikia jikoni akihimiza maji ya moto, sauti ikimtetemeka kuliko yangu. Kabla ya saa kumi na moja jioni, msichana wangu alikuwa analia juu ya shuka nililolipiga pasi asubuhi.

Kesho yake mke wa Gavana alishuka garini akakuta nepi zimeanikwa kwenye veranda. Msimamizi akasimama wima kama yuko gwarideni, akaeleza yote. "Kosa ni langu, memsahib."

Mke wa Gavana alicheka mpaka akashika ukuta. Akaingia, akampakata mtoto. "Mgeni mzuri sana," akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. "Yeye nakaa hapa mpaka mama iko na nguvu."

Tulikaa siku nne, nikiletewa supu kwenye trei.

Nilipokwenda kumwandikisha mtoto, karani aliuliza amezaliwa wapi.

"Nyumbani kwa Gavana."

Akaweka kalamu chini. "Mama, sema ukweli."

Nikamwonyesha shahidi nyuma yangu: msimamizi, ndani ya sare yake, amembeba mtoto kifuani.