Kinyonga Tarishi kwenye Kichanja cha Kahawa

Enzi zetu hakuna mtoto aliyeambiwa nenda kacheze. Uliambiwa nenda kachote maji, nenda kaangalie mbuzi, nenda kageuze kahawa, na mchezo ukauiba humohumo ndani ya kazi. Wenzangu mliokulia Mbozi miaka ile barabara kuu ya kwenda Zambia ilipokuwa ikiwekwa lami mtanielewa. Wajukuu zangu hawanielewi hata kidogo.

Krismasi iliyopita mjukuu wangu mkubwa alinijia hapa Tunduma na boksi amelikumbatia kama mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na kitabu chenye picha za katuni wanayoitazama kwenye televisheni, vidoli vya plastiki, na dadu yenye pande nyingi mpaka nikadhani imeharibikia kiwandani. Akanieleza kwa upole, jinsi mgonjwa anavyoelezwa dawa zake, kwamba mtu mmoja anasimulia, wengine kila mmoja anakuwa mhusika wake, unasema unachotaka kufanya, kisha dadu inaamua kama umeweza au umeshindwa. Akasema ni mchezo mpya kabisa, wa vijana wa siku hizi. Mchezo huo niliucheza nikiwa na miaka kumi, juu ya kichanja cha kahawa cha baba yangu, pale Nanyala.

Sisi katuni yetu ilitoka ng'ambo. Baba mdogo alikuwa utingo wa lori la mafuta lililokwenda Zambia na kurudi, na kila lilipopita Nanyala alishuka na kifurushi: sabuni, sukari, na kwa ajili yetu gazeti la watoto lenye picha za Kinyonga Tarishi. Huyo alikuwa kinyonga mwenye kofia ya posta na mkoba wa barua, anatembea polepole hadi unatamani umsukume, na kila barua aliyobeba ilikuwa na wanaoitaka. Fisi aliitaka aile. Bundi aliitaka aisome kwanza. Kinyonga alijigeuza rangi, mara jani, mara jiwe, nao wakampita. Baadaye tulimwona kwenye kopo la biskuti, na mara moja tu, gari la sinema lilipokuja kijiji cha jirani, tulimwona akitembea mwenyewe kwenye shuka jeupe lililotandazwa ukutani. Dakika tano hivi, kabla ya filamu ya kilimo cha mahindi. Njia nzima ya kurudi sikumbuki kama nilikanyaga chini.

Tatizo ni kwamba maneno yote yaliandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza chetu kiliishia kwenye salamu za mwalimu. Tuliona Kinyonga akifungua mdomo, tukaona herufi zimejaa juu ya kichwa chake, hatukujua anasema nini. Aliyetuondolea shida hiyo ni Subilaga.

Subilaga alikuwa binti wa shangazi yangu, wa milimani juu ya Itumba, kule Ileje. Alinizidi miaka miwili. Kijijini kwao shule ilikomea darasa la nne, kwa hiyo baba alimchukua akae kwetu asome mpaka la saba. Sharti lilikuwa moja: akitoka shule, kahawa iliyoanikwa ni dhamana yake, nasi tumsaidie. Ikilowa mvua kwa uzembe, anarudi kwao. Baba alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, mtu wa maneno machache, na neno lake halikusemwa mara mbili. Hilo tulilijua wote nyumbani, na Subilaga alilijua kuliko sisi. Alitaka kuwa mwalimu. Usiku aliandika herufi kwenye jivu la jiko kwa kijiti, akazifuta kwa kiganja, akaandika tena.

Kichanja chetu kilikuwa kirefu kama ukumbi, miti imesimamishwa na juu yake kumetandazwa mikeka ya matete. Kahawa iliyokwisha kumenywa na kuoshwa ililala pale katika maganda yake ya rangi ya maziwa yaliyochujuka, na kazi yetu ilikuwa kuigeuza kwa viganja na kuchambua punje mbovu. Mchana ule wa Septemba na Oktoba ulikuwa mzito kama usingizi. Harufu ya maganda mekundu yaliyochacha ilipanda kutoka shimo tulimoyatupa, nyuki walivuma, malori yalinguruma mbali barabarani, na ukiinama juu ya kichanja muda mrefu ukiangalia zile punje, ziligeuka nchi. Zilikuwa na milima na mabonde. Ukipitisha kidole, umechora barabara. Ukizikusanya, umejenga kijiji.

Subilaga ndiye aliyeiona nchi hiyo kwanza. Siku moja aliokota punje ya mviringo, ile inayokua peke yake ndani ya tunda badala ya kuwa pacha kama nyingine, akaiweka mwanzo wa barabara. Akasema huyu ni Kinyonga Tarishi, ana barua, nani anakwenda naye? Mchezo ukaanzia hapo.

Tulikuwa wanne: yeye, mimi, kaka yangu Enea, na Melina wa jirani. Kwanza tuligombana, maana kila mmoja alitaka awe Kinyonga. Subilaga akakata shauri kama alivyosikia kwenye mikutano ya baba. Kinyonga si mali ya mtu, ni wa wote, na hapigi hatua mpaka tumpigie kura. Kila mmoja akapewa mnyama wake. Mimi nilikuwa Kicheche, Melina alikuwa Kobe, na Enea, ambaye hakuna aliyemwamini kwa lolote, alikuwa Fisi aliyetubu. Fisi wengine wote tuliwaita mabepari. Subilaga mwenyewe hakuwa na mnyama. Yeye alikuwa Mwenyekiti: ndiye aliyesimulia mvua, mito, njaa na maadui, na hakuna aliyeruhusiwa kusema bila kunyoosha mkono.

Dadu zetu zilikuwa kahawa yenyewe. Punje ya kahawa ina mgongo wa duara na tumbo bapa lenye mfereji. Ukitaka Kicheche wako aruke mto, ulirusha punje tano, na tatu zikilala matumbo juu, umevuka. Pungufu ya hapo, Mwenyekiti anakueleza ulivyoanguka, naye alijua kueleza. Kiswahili chake tulikicheka, Kindali cha kwao kilichungulia katika kila neno, ingawa Kinyiha chetu kilichungulia vilevile. Lakini alipoanza kusema "Jua limezama, Kinyonga hana pa kulala," hatukucheka tena. Nilisikia baridi mchana kweupe.

Msinione najisifu, mchezo ulikuwa wa polepole mno. Kinyonga wa gazetini alimaliza safari katika kurasa nne. Wa kwetu alikaa wiki tatu upande mmoja wa mto kwa sababu kila kitu kilitaka kikao, na Fisi wa Enea alipinga kila hoja. Barua nazo alizitunga Subilaga, maana za gazeti hatukuzielewa. Zilikuwa barua za kawaida kabisa. Mama fulani wa milimani anauliza kama mwanawe anakula vizuri, kama viatu bado vinamtosha. Nilikuwa mdogo, sikujiuliza alizitoa wapi.

Kwa sababu ya lile sharti la baba, Subilaga aliweka sheria moja ambayo haikupigiwa kura. Kila siku mmoja wetu hachezi. Anakaa juu ya gogo mwisho wa kichanja, anaangalia mbingu upande wa Ileje mvua zinakotokea. Tulimwita mlinzi wa mawingu. Akiona weusi anaita, tunaacha kila kitu, tunakunja mikeka na kufunika turubai. Tulifanya hivyo mara nyingi, na kahawa haikulowa hata punje.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa mwanzoni mwa Novemba. Kahawa ya mwisho wa msimu ilikuwa kichanjani, imekauka, ilibaki siku mbili iingie magunia. Zamu ya mawingu ilikuwa yangu. Na siku hiyohiyo Kinyonga alifika kwenye daraja la kamba lililolindwa na mabepari, na Mwenyekiti akatangaza kwamba mnyama mwepesi kuliko wote ndiye anayeweza kupita chini yake. Mwepesi alikuwa Kicheche. Enea akasema atamrushia Kicheche wangu yeye. Nilikaa juu ya gogo nikimsikia Enea akizitikisa zile punje mkononi, na kusema kweli nilishindwa. Nikashuka. Nilimwambia Subilaga kwamba nimeangalia, mbingu nyeupe, acha nirushe mara moja tu. Sikuwa nimeangalia.

Nilirusha, zikalala mbili. Nikaomba tena. Subilaga akageuka kuangalia nyuma yangu, nikaona uso wake umebadilika. Mvua haikutupa hata nafasi ya kukimbilia turubai. Ilipiga mara moja, nzito, matone makubwa yakarusha punje juu, na nchi yetu yote, na barabara zake na daraja, ikawa uji. Tulikunja mikeka tukilia. Tulichookoa kilikuwa robo.

Baba alirudi jioni, akaingiza mkono katika kahawa, akaunusa. Hakupiga kelele. Alitupanga mbele ya kichanja, maji bado yanadondoka, akauliza swali moja.

"Nani alikuwa na zamu?"

Nilihesabu vifungo vya koti lake. Vilikuwa vinne, kimoja kilikuwa na uzi mweupe. Enea alikuwa anajua, Melina alikuwa anajua, na wote wawili waliangalia chini kuniachia nafasi. Nilichotakiwa kusema kilikuwa maneno mawili. Mimi ningechapwa, basi. Mimi nilikuwa mtoto wa nyumba ile, hakuna mahali pa kunirudisha.

Subilaga akanyoosha mkono, kama tulivyofanya mchezoni, akangoja mpaka baba amtazame.

"Mimi, mjomba," alisema. "Zamu ilikuwa yangu."

Aliondoka asubuhi ya siku ya tatu, kabla shule haijafungwa, na begi la kitambaa na daftari zake mbili. Mama alimfungia maparachichi na mahindi makavu ya kukaanga. Alinikumbatia. Alikuwa darasa la sita. Nilidhani nitamwambia baba kesho yake, kisha nikadhani Jumapili baada ya kanisa, kisha Krismasi. Msimu uliofuata kichanja kilikuwa kimya. Enea alijaribu kuwa Mwenyekiti siku mbili, hakuna aliyemsikiliza. Mimi nikasoma, nikawa mwalimu, nikafundisha watoto wa watu miaka thelathini na mitano, na kila nilipoita mahudhurio darasa la sita nilijikuta nangoja jina moja zaidi. Baba alifariki bila kuambiwa.

Sitaki mdhani kwamba hatukuonana. Tulionana misibani na harusini, tukasalimiana vizuri, watu wakiwa wengi. Lakini baada ya mjukuu wangu kufungua lile boksi sikulala vizuri, na Januari nikafunga safari ya Itumba. Nilimkuta nyumbani kwake anapepeta maharage. Alinikaribisha, akaniletea chai na viazi, akaniuliza habari za kila mtu, hata za Enea. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha, na kabla sijamaliza sentensi alikuwa amejua ni msamaha wa nini. Alichambua maharage kidogo. Nilitegemea aseme yalishapita, kama tunavyosema siku zote.

"Nilijua utanyamaza, mdogo wangu," alisema. "Nikaona niseme haraka, nisije nikakuona unanyamaza."

Alilisema bila uchungu, kwa sauti ileile ya Mwenyekiti. Kisha akaniuliza kama viazi vimeiva vya kutosha. Tulizungumza mpaka jua likainama, akanichekesha mara mbili tatu, akanifungia maharage ya kuondoka nayo.

Stendi ya Itumba nilikaa kwenye benchi kungoja gari la kwenda Tunduma lijae, na pale ndipo machozi yaliponijia, mengi, ya mtu mzima. Kando yangu alikaa kijana mmoja na waya masikioni, macho kwenye simu, vidole vinacheza. Hakugeuka hata mara moja. Watoto wetu hawa wana michezo ya kila aina, na mmoja ukiharibika wanabonyeza wanaanza upya, wala siwaonei wivu kwa lingine lolote ila hilo. Lakini enzi zetu mwanamke wa umri wangu asingelia stendini mtu akampita kama nguzo. Wangeniwekea kiti kivulini, wangeleta maji, na mtoto kama yule angeinama aniulize kwa adabu, "Shikamoo bibi, unalia nini?"

Nami, kwa ninavyojijua, ningemwambia ni vumbi.